Deni Lilipwe, Chombo Kielee

Katika Kiswahili cha pwani neno chombo lina kazi mbili kubwa. Sufuria ni chombo, na jahazi ni chombo. Mwanamke wa Mikindani akisema kuwa ameosha vyombo, hapana atakayedhani kuwa ametoka ufukoni kukwangua mkuku. Na mumewe akisema kuwa chombo kimetweka, hapana atakayekwenda kutazama jikoni. Watu wa pwani wameishi na maana hizo mbili karne nyingi bila ya kuzigonganisha. Waliozigonganisha ni watunga sheria. Katika Sheria ya Mwenendo wa Madai ya mwaka 1966, kifungu cha 48, imeandikwa orodha ya mali isiyoweza kukamatwa na kuuzwa kwa ajili ya deni lililothibitishwa na mahakama. Mna humo nguo za lazima za mdaiwa, za mkewe na za watoto wake. Mna vitanda na matandiko. Mna vyombo vya kupikia. Mna zana za fundi. Na kwa mkulima mna zana zake za kulimia, na ng'ombe wake na mbegu zake, kwa kadiri mahakama itakavyoona kuwa ni lazima kwa riziki yake. Chombo cha jikoni kimesalimika. Chombo cha baharini hakikutajwa.

Wasomi wa sheria wakiulizwa sababu hujibu kwa upole ya kuwa orodha ile ni ya zamani. Ndivyo ilivyo, na katika uzamani wake ndimo kosa lilimozaliwa. Kabla ya sheria ya 1966 Tanganyika iliendesha mashauri yake ya madai kwa kanuni ya Kihindi ya mwaka 1908, na sheria mpya ilifuata nyayo za kanuni hiyo kwa karibu sana. Waliotunga kanuni ya 1908 walikuwa na sura ya mkulima wa nchi tambarare za Bara Hindi mbele ya macho yao: mtu mwenye shamba, jozi ya ng'ombe na kikapu cha mbegu, naye anadaiwa na mkopeshaji wa kijijini. Walijua kwamba mtu huyo akinyang'anywa ng'ombe wa kulimia halipi deni, bali anakuwa mwombaji, na mwombaji hana cha kulipa. Wakamkinga. Rehema ile ikavuka bahari ikashuka pwani ya Afrika Mashariki. Na ajabu ni kuwa ilipita katikati ya madau, mashua na majahazi bila ya kuyaona, ikaenda bara kumtafuta mkulima.

Yuko atakayejibu kwamba mvuvi naye ni fundi, na chombo chake ni zana ya ufundi wake, kwa hiyo sheria imekwisha mlinda bila ya kumtaja jina. Hoja hii si mbaya, na hakimu mwenye huruma aweza kuikubali. Lakini hakimu mwingine aweza kuikataa asiwe amekosea, maana zana ya fundi katika fikira ya kawaida ni randa, patasi na cherehani, wala si jahazi la tani kadha lenye foromali na tanga. Na ni nani atakayeisimamisha hoja hiyo mahakamani kwa ajili ya mtu wa Msimbati? Mkulima haitaji wakili ili ng'ombe wake atambuliwe kuwa ng'ombe; ameandikwa. Mvuvi ahitaji wakili ili dau lake lifananishwe na randa.

Hoja yenyewe ni moja. Deni lilipwe, tena lilipwe lote. Lakini katika pwani hii kitu kinachostahili kukamatwa kwa ajili ya deni ni sehemu ya chombo, wala si chombo.

Maneno hayo, sehemu ya chombo, yataka maelezo kwa msomaji asiyezaliwa karibu na maji ya chumvi. Kutoka Mikindani kupita Mtwara na Msangamkuu, kuteremka Msimbati na vijiji vya Ghuba ya Mnazi hata mlango wa Ruvuma, kama ilivyo kwingineko katika pwani ya Waswahili, mabaharia wa chombo cha uvuvi aghalabu hawana mshahara. Wana mafungu. Samaki wakisha kuuzwa, kwanza huondolewa gharama za safari: mafuta kama pana mashine, barafu, chakula. Kinachosalia hugawanywa, na katika mgawanyo huo chombo huhesabiwa kama mtu mmojawapo. Chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, mashine kama ipo ina fungu lake, nahodha huongezewa kidogo kwa kuwa roho za watu zi mkononi mwake, na mabaharia hugawana lililobaki. Hesabu hutofautiana baina ya kijiji na kijiji, na baina ya mshipi na jarife. Lakini kanuni haibadiliki. Fungu la chombo hutengwa hadharani, mbele ya watu wote waliokwenda baharini, kabla ya mtu yeyote kutia mkono mfukoni.

Huo ni uwekaji hesabu, tena ulio bora. Hapana karani, hapana daftari, lakini kila mtu ajua chombo kimepata nini leo. Mdai atakaye kujua kama mdaiwa wake ana uwezo wa kulipa hana haja ya kumpeleleza. Na asimame ufukoni wakati wa mgawanyo. Na hilo fungu ndilo mali ya mwenye chombo. Mafungu mengine ni ya watu wengine, ambao hawakukopa, hawakuweka sahihi, wala hawakuitwa mahakamani.

Sasa na itazamwe njia inayofuatwa. Mwenye chombo ameshindwa kulipa. Pengine alikopa mashine kwa tajiri, kama wavuvi wamwitavyo yule atoaye mtaji na kupokea samaki. Pengine alikopa kwa maradhi, pengine kwa harusi. Hukumu imetolewa, mwenye hukumu ameomba itekelezwe, na dalali wa mahakama amefika na karatasi zake. Chombo ni mali inayohamishika. Basi hukamatwa kama baiskeli ikamatwavyo. Kisha tangazo hutolewa, na sheria yataka siku zisizopungua 15 zipite kabla ya mali ya namna hiyo kunadiwa.

Siku 15 si kitu kwa baiskeli. Kwa chombo cha mbao ni jambo jingine. Chombo kilichopandishwa mchangani na kuachwa juani hukauka. Mbao husinyaa, pamba ya kalafati hulegea, na mahali palipokuwa hapapiti tone panapitisha mwanga. Shahamu aliyopakwa chini hupasuka. Kamba huibiwa, au huchukuliwa na wale waseme kwamba zilikuwa zao, na huenda ni kweli. Siku ya mnada ikifika wanunuzi wanazunguka kitu kinachofanana na jeneza kubwa, wakigongagonga mbao kwa vidole na kutikisa vichwa. Nani kati yao ana fedha taslimu? Aghalabu ni matajiri walewale. Sheria yamkataza mwenye hukumu kununua katika mnada wake mwenyewe pasi na ruhusa ya mahakama, na akinunua kwa mkono wa mtu mwingine mahakama yaweza kuutengua mnada. Hilo ni zuri kwa maandishi. Lakini katika kijiji ambacho wenye fedha ni watu watatu, na watatu hao wameoleana, atakayethibitisha mkono ulikuwa wa nani bado hajazaliwa.

Iwe mfano, maana hesabu husema kuliko manung'uniko. Mtu anadaiwa shilingi 3,000,000. Chombo chake, kikiwa majini na vifaa vyake, chaweza kuuzwa 5,000,000. Kikinadiwa kikavu chapata 2,000,000. Toa gharama za dalali na za ulinzi. Mdai hakulipwa deni lake lote. Mdaiwa bado anadaiwa, tena sasa hana cha kulipia. Mabaharia watano au sita hawana kazi. Aliyepata faida ni mnunuzi peke yake, naye si mdai wala mdaiwa. Chukua upande wa pili: fungu la chombo hicho ni shilingi 150,000 kwa kila bamvua, na bamvua ni mbili kwa mwezi. Likikamatwa fungu hilo lote, deni limekwisha katika miezi 10. Miezi ya kusi kali ikipunguza pato, na ifanywe 14. Yupo mdai mwenye akili asiyeweza kungoja miezi 14 ili apate 3,000,000, akachagua apate pungufu ya 2,000,000 leo? Yupo, ni yule asiyetaka fedha zake bali ataka chombo.

Watetezi wa mnada hupenda kukimbilia sheria ya meli kubwa, wakisema kwamba dunia nzima huuza meli kwa madeni, na kwamba biashara ya bahari haiwezi kwenda bila ya mnada. Ni kweli kwamba huuza. Lakini wangesoma sheria hiyo hadi mwisho wangenyamaza. Katika desturi ya mahakama za bahari za Uingereza, ambayo ndiyo iliyoirithisha Afrika Mashariki sheria yake ya meli, meli yenyewe huwa mdaiwa. Hushtakiwa kwa jina lake, na hati ya kuikamata zamani ilipigiliwa misumari kwenye mlingoti ili kila apandaye aione. Ikiuzwa kwa amri ya mahakama, mnunuzi huipata ikiwa safi, imekatwa minyororo ya madeni yote ya nyuma. Na kwa sababu hiyohiyo fedha za mauzo hugawanywa kwa utaratibu mkali. Kwanza gharama za mahakama za kuikamata na kuiuza. Kisha madai yaliyoishika meli yenyewe, na mbele mbele miongoni mwake ni ujira wa waliookoa meli na mishahara ya mabaharia. Ndipo aje mwenye rehani, yaani benki. Wauza mafuta na vyakula wangoje nyuma yake.

Baharia mbele ya benki! Sheria hiyo haikutungwa na watu wa huruma nyingi. Ilitungwa na wafanya biashara waliotambua kwamba meli bila ya mabaharia ni kuni. Lakini faida hiyo humfikia baharia wa meli ya chuma inayokuja Mtwara kupakia korosho au makaa ya mawe. Baharia wa mashua iliyotia nanga upande wa pili wa ghuba ileile, hatua chache za macho, hana. Yeye hana mshahara wa kudai. Ana fungu, na fungu halizaliwi mpaka samaki auzwe. Mashua ikiuzwa na dalali haulizwi hata jina.

Wala ulimwengu haukumsahau kwa bahati mbaya. Mwaka 2006 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mkataba wa Kazi za Mabaharia, ambao huitwa na wengi sheria ya haki za mabaharia. Na marekebisho yake yaliyoanza kutumika Januari 2017 yanamtaka mwenye meli awe na dhamana ya kuwarudisha makwao mabaharia waliotelekezwa na kuwalipa mishahara yao hadi ya miezi minne. Kazi njema. Lakini fungua Ibara ya 2, uone meli zisizohusika: meli za uvuvi, na meli zilizoundwa kwa njia ya jadi, na hapo mifano imetajwa kwa majina, ya Kichina na ya majahazi ya bahari hii. Jahazi limeingia katika mkataba mkubwa wa mabaharia wa dunia mara moja tu, nalo limeingia ili litolewe nje. Waliosimama siku hiyo Geneva walikuwa na sababu zao; yawezekana walidhani kuwa nchi zenye majahazi zingeyatungia sheria zake zenyewe. Zimeyatungia?

Mkataba mwingine, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2022 na kufunguliwa kutiwa sahihi Beijing Septemba 2023, unahusu hasa mauzo ya meli kwa amri ya mahakama. Unaamuru kwamba kabla ya kuuza, taarifa ipelekwe kwa msajili wa meli, kwa wenye rehani, kwa mwenye meli, na kwa wenye madai yanayoishika meli, mradi wawe wamekwisha ijulisha mahakama. Mradi! Benki hutafutwa ilipo. Baharia sharti ajitokeze mwenyewe.

Mahakama na chombo si wageni kwa kila mmoja katika bahari hii, na historia yao haimpi mvuvi sababu ya kutulia. Katika karne ya kumi na tisa manowari za Waingereza zilisaka majahazi ya biashara ya utumwa kutoka Kilwa na bandari za kusini. Biashara ile ilikuwa laana, na kukomeshwa kwake ni heri isiyo na mjadala. Lakini namna ya kuhukumu vyombo vilivyokamatwa yafaa ikumbukwe. Balozi wa Uingereza Unguja alipewa mamlaka ya kuvihukumu, na mabaharia wa manowari walipata tuzo kwa kadiri ya watumwa waliookolewa au kwa ukubwa wa chombo. Vingi viliteketezwa baharini palepale kwa madai kwamba havifai kusafirishwa hadi bandarini, na vipimo vyake vikaletwa mbele ya hakimu baada ya chombo kuwa majivu. Walilalamika wafanya biashara halali, na baadhi ya maofisa wa Uingereza wenyewe walikiri kwamba vyombo visivyo na hatia vilichomwa pamoja na vyenye hatia. Kwa watu wa pwani, basi, tangu mwanzo amri ya mahakama ya kigeni juu ya chombo ilikuwa na maana ya moshi.

Siku hizi hapana moshi, pana kutu. Machi 2009 meli ya uvuvi Tawariq 1 ilikamatwa katika eneo la bahari la Tanzania ikiwa na samaki karibu tani 300, na samaki hao wakagawiwa wananchi. Shauri lilikuwa la jinai wala si la deni, lakini hatima ya chombo ni somo. Mwaka 2012 Mahakama Kuu iliwatia hatiani watu wawili. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikawaachia huru. Hukumu ya mwisho ilipotoka, samaki walikuwa wameliwa miaka mitano iliyopita, na meli ilikuwa imekwisha kuharibika ikiwa kizuizini Dar es Salaam. Mtwara nayo ilipata mgeni wa namna hiyo: Januari 2018 meli ya Buah Naga 1, yenye bendera ya Malaysia, ilikaguliwa baharini ikakutwa na mapezi ya papa yaliyotengwa na miili, ikaletwa bandarini hapo, na nahodha wake akashtakiwa mjini. Hapana amwoneaye huruma mwizi wa papa. Linalosemwa ni hili tu: ikiwa meli ya chuma huoza mikononi mwa mahakama ya mji mkuu, dau la mbao katika mchanga wa Msimbati lina matumaini gani?

Na wanaosema kwamba deni ni deni, bila ya kujali mkubwa na mdogo, waende wakasimame kwenye gati la Mtwara. Gati lile ni mtoto wa deni. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Uingereza ilitaka kulima karanga Nachingwea, Kongwa na Urambo. Kwa ajili ya Nachingwea ikajengwa bandari ya kina kirefu Mtwara na reli ya kwenda bara. Karanga hazikuota kama zilivyohesabiwa. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa, na serikali hiyo ikafuta hasara ya zaidi ya pauni 35,000,000 kwa kalamu. Reli ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hakuna dalali aliyekuja na kengele kunadi gati; lilisamehewa deni lake, likaachwa lifanye kazi, na leo ndilo linalopitisha korosho za mikoa ya kusini. Uamuzi wa busara! Mdaiwa alishindwa, chombo cha kazi kikabakizwa. Ila busara ile ilihitaji pauni milioni thelathini na tano ili iamke; kwa shilingi milioni tatu bado imelala.

Hoja tatu hutolewa dhidi ya maneno haya, nazo zastahili majibu.

Ya kwanza ni ya wakopeshaji: chombo kisipouzika, hapana atakayemkopesha mvuvi. Maneno hayahaya yaweza kusemwa juu ya ng'ombe wa mkulima, na wakulima hukopeshwa kila msimu. Zaidi ya hayo pana tofauti isiyofaa kufichwa. Mtu akiweka chombo rehani kwa hiari yake, hasa kwa mkopo ulionunulia chombo hichohicho, mkopeshaji ana haki juu yake, na kinga ya kifungu cha 48 haikusudiwi kuivunja rehani. Boti za mkopo ambazo Serikali imewapa wavuvi katika miaka ya karibuni ni za aina hiyo. Hata hapo, mkopeshaji mwenye hekima ataandika katika mkataba kwamba fungu la chombo lichukuliwe kwanza, na mnada uwe wa mwisho; maana boti iliyorudishwa ghalani haimlipi mtu. Kinachopingwa hapa ni kukamata chombo kwa deni la harusi, la dukani au la hospitali.

Hoja ya pili ni ya watu wa mpakani. Husema kwamba chombo si shamba. Chombo kina mabawa. Mlango wa Ruvuma ni mpana, umejaa mikoko na mafungu ya mchanga, na ng'ambo ni Msumbiji. Usiku mmoja wa upepo mwema mdaiwa na chombo chake wamekwisha toweka. Hoja hii ilikuwa na nguvu zaidi zamani. Tangu mashambulizi ya Mocímboa da Praia ya Oktoba 2017 na ya Palma ya Machi 2021, si wengi wanaoona kusini kuwa mahali pa kukimbilia na watoto. Lakini hata ikikubaliwa yote, hoja hii yathibitisha kwamba chombo kinafaa kuzuiwa kisikimbie. Haithibitishi kwamba kinafaa kuuzwa. Chombo kina leseni na namba ya usajili. Kina mabaharia ambao wangependa kibaki. Kikitakiwa kuleta fungu lake kila bamvua mbele ya mtu aliyeteuliwa, kukosekana kwake kutajulikana siku ileile, wakati ambapo shamba laweza kuuzwa kwa siri mara mbili na mahakama isijue kwa miaka.

Hoja ya tatu hunong'onwa zaidi kuliko kusemwa: kwamba mwenye chombo si maskini, maana ana chombo. Kwa hii watu wa pwani hawahitaji mwanasheria. Kila aliyekaa chuoni kwa mwalimu amesikia kisa cha Sura ya Kahaf, cha jahazi la maskini waliokuwa wakifanya kazi baharini, na mja mwema aliyelitoboa makusudi kwa kuwa nyuma yao alikuwako mfalme aliyenyang'anya kila jahazi zima. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani hii, walitoa katika kisa hicho hoja ya kisheria: watu wale waliitwa maskini, na jahazi walikuwa nalo. Basi mtu aweza kumiliki chombo na akawa maskini, kwa sababu chombo ni mlango wa riziki, si riziki iliyokwisha ingia. Wanafunzi wa fasihi huisoma sura hiyo kwa uzuri wa usimulizi wake. Ingefaa isomwe pia katika madarasa ya sheria za madai, kwa ajili ya yule mfalme.

Je, mahakama zangoje Bunge? Hazina haja. Kifungu cha 42 cha sheria ileile chataja njia za kutekeleza hukumu, na kuuza ni mojawapo tu. Mojawapo nyingine ni mahakama kumteua mtu wa kuipokea mali na kuisimamia, akusanye mapato yake na kuyapeleka kwa mwenye hukumu. Kifungu hicho hutumika kwa nyumba za kupangisha na maduka. Kwa chombo kingefaa zaidi, kwa kuwa nyumba haina mgawanyo wa hadharani. Msimamizi aweza kuwa mtu wa uongozi wa ufuko, kutoka vikundi vilivyowekwa na wavuvi wenyewe kulinda rasilimali za bahari. Huyo huwapo samaki wanaponadiwa asubuhi, na mnada huo, mnada wa samaki, ndio pekee ambao mvuvi huufurahia. Apokee fungu la chombo, aandike, apeleke. Nahodha ni yuleyule, mabaharia ni walewale, chombo hakikauki.

Ikilazimu kuuza, kwa kuwa mdaiwa amekaidi au chombo kimeachwa, basi mabaharia wasikilizwe kwanza, na mafungu yao ambayo hayajalipwa yatangulie deni la mwenye hukumu, kama mishahara inavyotangulia benki kwenye meli za chuma. Na tangazo la mnada lisomwe ufukoni, kwa Kiswahili, wakati vyombo vinaporudi. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, kwa hiyo hapana tena kisingizio cha karatasi ya Kiingereza iliyobandikwa ukutani mjini wakati mabaharia wako dago, wamepiga kambi katika kisiwa kisicho na ukuta. Siku 15 zihesabiwe tangu siku hiyo ya kusomwa ufukoni.

Yote hayo yaweza kufanywa na hakimu mmoja wa Mtwara kesho asubuhi. Lakini hakimu hubadilishwa kituo, na huruma yake huondoka naye, kwa hiyo orodha ya kifungu cha 48 lazima irekebishwe. Maneno ya kuongeza hayazidi mstari mmoja: na kwa mvuvi au baharia, chombo chake kimoja, nyavu zake na vifaa vyake vya safari, kwa kadiri mahakama itakavyoona kuwa ni lazima kwa riziki yake. Nusu ya mwisho ya mstari huo imo katika sheria tangu mwaka 1966. Inamhusu ng'ombe.